Mtu Mmoja wa Bunkeya na Majina Yake

Anayetaka kusoma habari za mfalme wa Bunkeya asiingie maktaba na jina moja tu mkononi. Mmisionari Frederick Stanley Arnot, katika kitabu chake cha mwaka 1889, anamwita Msidi. Mwenzake Dan Crawford, aliyefika Bunkeya mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, anamwandika Mushidi. Daktari Joseph Moloney, aliyekuwamo katika msafara uliomuua mfalme huyo, anasema Msiri. Wabelgiji wakaweka kialama cha juu baada ya herufi ya kwanza, akawa M'Siri, na hivyo ndivyo alivyobaki katika vitabu vya Kifaransa hadi leo. Bayeke wenyewe wanapotaka kumtaja kwa ukamilifu husema Mwenda Msiri Ngelengwa Shitambi.

Watunza kumbukumbu huyachukulia haya kama vurugu ya tahajia: wazungu walisikia vibaya, kila mmoja akaandika alivyoweza. Sikubaliani nao. Jina alilopewa mtu huyu lilitegemea aliyempa anasimama wapi na anataka nini kwake. Ukiyapanga majina yake kwa mfuatano unapata historia ya nchi ya shaba kwa miaka mia moja na ushee.

La kwanza ni Ngelengwa. Mwenye jina hili alizaliwa yapata mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, ndugu wa Wanyamwezi, magharibi ya Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Wasumbwa walikuwa wakisafiri mwendo wa miezi kwenda magharibi, wakipita kusini ya ziwa Tanganyika na kukata nchi ya Kazembe kwenye mto Luapula, hadi kwenye vilima vya Katanga ambako Basanga na Balamba walichimba jiwe la kijani na kuliyeyusha. Shaba ilitoka humo kwa umbo la msalaba, vipande vilivyosubuwa kwenye kalibu za mchanga, na misalaba hiyo ilikuwa mali na fedha kwa wakati mmoja. Iliposhika njia ya kurudi mashariki iligeuzwa waya wa bangili, na vikuku vya waya huo vilivaliwa na watu ambao wala hawakujua Katanga iko upande gani.

Kalasa alifanya alichofanya kila mfanyabiashara mwerevu wa zama zile: alichanjiana damu na mkuu wa Basanga aliyeitwa Mpande. Undugu wa kuchanjiana haukuwa heshima tupu. Ulimhakikishia mgeni mahali pa kulala, mzigo usioporwa, na mtu wa kumsemea panapotokea ugomvi. Kalasa alipozeeka alimtuma mwanawe. Ngelengwa akaja na bunduki chache pamoja na wawindaji wa tembo, na hao ndio inasemekana waliowapa Bayeke jina lao, kwani kwa Wanyamwezi *bayege* ni chama cha wawindaji wa tembo. Majirani wengine waliwaita watu hao hao Bagarenganze, kwa jina la sehemu moja ya Unyamwezi, na kutoka hapo wazungu wakaandika Garenganze kama jina la ufalme mzima. Kabla mfalme hajapata majina mengi, kwa hiyo, watu wake walikuwa wameshapata mawili: moja lilieleza kazi yao, jingine walikotoka.

Kuna jina la pili ambalo sikio la Mswahili linalipokea kwa njia yake: Mwenda. Kwetu mwenda ni anayekwenda, na mwenda bure, wahenga walisema, si mkaa bure, huenda akaokota. Ngelengwa aliokota ufalme. Sidai kwamba hiyo ndiyo maana ya jina kwa Kisumbwa. Nasema tu kwamba kijana aliyekuja na msafara ilhali kila mtu anajua wa msafara hurudi kwao, ndiye aliyelifanya Mwenda kuwa jina la wanaokaa. Tutalirudia.

Yaliyofuata yanasimuliwa kwa namna zaidi ya moja, maana Bayeke na Basanga wana sababu tofauti za kuyakumbuka. Kwa Bayeke, Ngelengwa aliwasaidia wenyeji wake kuwarudisha nyuma Baluba waliokuja kuteka nchi. Bunduki zilikuwa ngeni upande ule, na mlio wake peke yake ulikuwa nusu ya vita. Mpande, mzee na mgonjwa, akampa kombe la *omande*, kipande cha konokono wa baharini kilichovaliwa na machifu wa nchi hiyo kama alama ya mamlaka. Kwa Basanga, mgeni aliyekaribishwa alichukua kisichokuwa chake. Naona simulizi zote mbili zinaweza kusimama pamoja. Mara nyingi kombe humfikia mgeni kwa mkono wa mtu asiye na nguvu ya kulizuia. Lisilobishaniwa ni kwamba miaka ya 1860 ilipokwenda, mwana wa Kalasa hakuwa tena mwana wa msafara. Alikuwa mwami, yaani mfalme. Akaacha kumlipa Kazembe heshima za zamani, akazishika njia za shaba, pembe na watumwa, na yapata mwaka 1880 makao yake makuu yalikuwa Bunkeya, kwenye tambarare ya mto Lufira, mashariki ya mahali ambapo leo uko mji wa Kolwezi.

Hapo ndipo linapoingia jina lililomshinda mwenyewe kwa umaarufu. Kwa Kibemba na Kilamba, udongo ni *umushili*. Kwa Basanga, ambao kama Baluba wana tabia ya kuigeuza *l* kuwa *d* inapokutana na *i*, ni *mushidi*. Maelezo yanayosimuliwa zaidi ni kwamba wenyeji walimwita hivyo kwa sababu alijifanya udongo wenyewe: chochote kilichosimama juu yake, mti, mtu, mgodi au tembo aliyeanguka, kilikuwa chake. Tembo aliyeanguka si mfano wa kutunga. Desturi ya eneo zima ilikuwa kwamba jino lililogusa ardhi ni la mwenye ardhi, na lile la juu ni la mwindaji. Kumwita mtu Udongo katika nchi ya wawindaji wa tembo kulikuwa ni kutaja kodi yake.

Je, lilikuwa jina la sifa au la lawama? Nadhani lilikuwa yote mawili, na ndiyo maana lilidumu. Jina la utani la kusifu tu huisha mwenye nacho anapoishiwa, na la kukashifu tu hunong'onwa. Mushidi lilitamkika barazani mbele ya mfalme na pia kwenye shamba la Msanga aliyechukuliwa mtoto.

Tazama sasa lilivyosafiri. Wafanyabiashara wa Tabora na pwani walilisikia *mushidi*. Kinywa cha Mswahili huila *u* ya *mu-*, nacho kwa *d* au *l* iliyo katikati ya *i* mbili huweka *r* bila kuwaza. Kikatoka Msiri. Mmoja akimwambia mwenzake huko Ujiji kwamba anakwenda kwa Msiri, aliyesikia hakuona udongo hata chembe. Aliona neno lake mwenyewe: msiri, mtu wa kuaminiwa siri. Udongo ukawa siri. Kwa wauza baruti na wanunuzi wa pembe lilifaa kweli, kwa sababu kule kwake walikwenda kufanya mambo yasiyohitaji mashahidi.

Mtu mwingine wa njia zile zile alikuwa na bahati ambayo mfalme wa Bunkeya hakuipata. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar, aliitwa Tippu Tip, tena Kingugwa, chui, kwa namna alivyoshambulia huku na kule kama chui. Wapo waliosema Tippu Tip ni kupepesa kwa macho yake. Lakini mwenyewe alikaa akaandika maisha yake kwa Kiswahili, akaeleza kwamba ni mlio wa bunduki zake, waliokimbia ndio waliomwita hivyo. Akafa Zanzibar mwaka 1905 akiwa ameshajifasiri. Mfalme wa Bunkeya hakuacha kitabu, na kila aliyemwandika alimfasiri kwa hesabu zake.

Wazungu walianza kufika mmoja mmoja. Mwaka 1884 walipita Wareno Capello na Ivens na Wajerumani Reichard na Böhm, na Böhm akafia huko huko Katanga. Arnot akafika Februari 1886 akitokea magharibi, kwa njia ya Bihe, nchi ya Angola ambako misafara ya Wavimbundu ilileta baruti na nguo kutoka Benguela. Mfalme akampokea, akamwacha ajenge. Nyuma yao hao wote Ulaya ilikuwa imeshachora ramani. Mwaka 1885 Leopold wa Pili wa Ubelgiji alijitangazia Dola Huru ya Kongo na mpaka wake ukaizunguka Katanga, huku Cecil Rhodes akiitazama nchi hiyo hiyo kutoka kusini. Kila mmoja alihitaji alama ya mkono wa mfalme kwenye karatasi. Novemba 1890 Alfred Sharpe akaja na karatasi ya Waingereza, akarudi bila alama. Aprili 1891 Paul Le Marinel akaja kwa niaba ya Leopold, akaacha kituo Lofoi. Oktoba akaja Mbelgiji Delcommune. Bunkeya ilikuwa na njaa mwaka ule, na Basanga walikuwa wameasi. Udongo ulikuwa umeanza kupasuka.

Msafara wa mwisho ulitoka pwani. Kapteni William Stairs, Mkanada kutoka Halifax, aliajiriwa na Compagnie du Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka huo huo wa 1891. Zaidi ya watu mia tatu aliwachukua Zanzibar na Mombasa, wapagazi na askari, na lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili. Ni hao waliobeba jina la Msiri, kwa *r* yake, hadi mlangoni kwa mwenyewe. Walifika Bunkeya tarehe 14 Desemba.

Stairs naye alikuja chini ya jina la mtu mwingine. Miaka michache kabla alikuwa ofisa wa Stanley, na Stanley kule kwenye mto Kongo aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, kwa barabara aliyoipasua kwa nyundo na baruti kuukwepa mto penye maporomoko. Mtu huyo pia alikuwa na historia yake ya majina. Alizaliwa Denbigh, nchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. Henry Morton Stanley ni jina la kujitwalia huko Marekani. Bula Matari alipewa na watu wa Kongo, na ndilo lililomkimbia: likaacha kuwa lake, likawa jina la kila mzungu wa serikali, kisha jina la serikali yenyewe. Kwa miaka mingi Mkongo aliyetozwa kodi au kukamatwa kwa kazi za nguvu alisema ametozwa na Bula Matari. Kwa hiyo Desemba 1891, kwenye tambarare ya Lufira, Udongo alitembelewa na Mvunja Mawe. Mtunzi wa hadithi angeogopa kuandika hivyo, ingekuwa mno. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mazungumzo ya siku chache hayakuzaa kitu. Mfalme hakutaka bendera ya nyota ya Leopold. Tarehe 19 Stairs akaipandisha bila idhini yake, na usiku mfalme akahamia Munema, kijiji cha jirani. Asubuhi ya tarehe 20 Kapteni Omer Bodson na Marquis de Bonchamps wakatumwa na askari wapatao mia moja kumleta. Bodson akaingia ndani na wachache. Maneno yakapanda, silaha zikainuliwa, Bodson akampiga mfalme risasi, na mmoja wa watu wa mfalme akampiga Bodson. Wote wawili walikufa. Bonchamps baadaye aliandika kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa na kuwekwa juu ya mti. Bayeke wanasimulia kwamba kichwa hicho kilichukuliwa wala hakikurudi, na kila aliyekibeba alipatwa na balaa. Stairs hakuiona Ulaya tena. Alikufa kwa homa Chinde, mlangoni mwa Zambezi, Juni 1892.

Mwili mmoja, basi, ulizikwa bila kichwa, na majina yakaanza kugawanywa kama urithi.

Wabelgiji walichukua M'Siri. Kialama kile kidogo cha juu ni cha kukaribisha mdomo wa Mfaransa ambao hauwezi kuanza na *ms*. Kimewapendeza wachapishaji hadi wamekitia hata pasipohitajika, na kimemfanya mfalme aonekane kama mtu wa hekaya za mbali. Kila ninapokiona nakumbuka kwamba katika neno *umushili* hakuna pengo lolote. Udongo umeshikamana. Ni mwandishi aliyeweka ufa.

Wamisionari walibaki na Mushidi wao. Crawford aliishi nchi hiyo hadi kifo chake mwaka 1926, akahamia Luanza kwenye ziwa Mweru, naye akapewa jina: Konga Vantu, mkusanya watu, kwa sababu waliotawanywa na kuanguka kwa Bunkeya walimfuata. Hili ni jambo ambalo mwandishi wa *Mushidi* hakuweza kulikwepa. Alimwandikia mfalme jina lake kwa uangalifu, na wakati huo huo watu wa mfalme walikuwa wakimwandika yeye kwa lao.

Bayeke walichukua Mwenda. Mukanda-Bantu, mwanawe, aliwekwa na Stairs mwenyewe juu ya nchi iliyokatwakatwa, Basanga wakirudishiwa machifu wao. Akaitwa Mwenda wa Pili. Papo hapo, kwa nambari hiyo tu, marehemu akapata jina ambalo akiwa hai hakuwahi kuwa nalo: Mwenda wa Kwanza. Mukanda-Bantu aliwasaidia Bula Matari kupigana na waasi, akatawala hadi mwaka 1910, akafuatwa na Mwenda wa Tatu, wa Nne, wa Tano. Jina la msafiri likawa kiti.

Wakati huo nchi yenyewe ilikuwa ikibadilishiwa majina bila kuulizwa. Katanga lilikuwa jina la chifu mmoja wa shaba kabla halijawa la jimbo. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, na migodi ya kale ya upande wa Kolwezi, Dikuluwe mojawapo, ambako shaba iliwahi kuyeyushwa kwa mkaa na viriba vya ngozi, ikaingia kwenye ramani za kampuni. Watu waliofanya kazi ile ya zamani walipata jina la utani la jumla katika makala ya askofu de Hemptinne: wala shaba. Sijui kama aliyetunga alikuwa anasifu uhodari wao au anawashangaa. Kwa vyovyote, waliokula shaba sawasawa walikuja baadaye, kwa reli.

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitangazia kujitenga na Kongo. Rais alikuwa Moïse Tshombe, aliyetaniwa na wapinzani wake kwa Kifaransa kuwa ni Bwana Mtoto wa Meza, yaani droo ya fedha za mauzo, kwa kuwa alikuwa mwana wa tajiri na kwa kuwa Union Minière haikuwa mbali na mkono wake. Bendera yao ilibeba misalaba mitatu ya shaba. Waziri wa mambo ya ndani alikuwa mjukuu wa mfalme wa Bunkeya, Godefroid Munongo Mwenda M'Siri, aliyezaliwa mwaka 1925. Jina lake lilikuwa mkusanyiko wa safari nzima: Godefroid la misheni, Munongo la nyumbani, Mwenda la kiti, M'Siri la udongo lenye ufa wa Kifaransa. Patrice Lumumba aliposhushwa uwanja wa ndege wa Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, na kuuawa usiku ule, polisi na usalama wa ndani vilikuwa chini ya mwenye jina hilo, na hakuna aliyeyaandika mauaji hayo bila kumtaja.

Kisha akaja Mobutu na kampeni ya uhalisi. Kongo ikawa Zaire mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba, kwa Kiswahili safi, na raia wakaamriwa kuacha majina ya ubatizo. Kwa Wakatanga wengi ilikuwa taabu ya vyeti na aibu ya kusahau kuitikia. Kwa mtu wa Bunkeya ambaye babu yake aliitwa kwa njia tano, amri kwamba kila mmoja awe na jina halisi lazima ilikuwa na kichekesho ndani yake. Mwaka 1976 Munongo akaketi kwenye kiti cha Bayeke, Mwenda wa Sita.

Tarehe 28 Mei 1992 alikuwa Kinshasa kwenye Mkutano Mkuu wa Kitaifa, wakati Wazaire walipokuwa wakidai maelezo juu ya mambo ya mwaka 1961. Alitarajiwa kuzungumza. Moyo ulisimama siku hiyo hiyo. Magazeti yaliandika kwamba Godefroid Munongo amefariki, waziri wa zamani wa Katanga. Bunkeya walisikia kwamba Mwenda ameondoka, wakaanza kumtafuta wa Saba.

Zaire imekuwa Kongo tena, Shaba imekuwa Katanga tena, na mwaka 2015 Katanga ikagawanywa vipande vinne. Bunkeya imeangukia jimbo la Lualaba, wilaya ya Lubudi, na makao yake makuu ya jimbo ni Kolwezi, mji wa mashimo ambamo kila siku udongo hupakiwa kwenye malori. Ikifika tarehe 20 Desemba Bayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka aliyeuawa Munema. Majina yote manne hutajwa, Mwenda kwanza.